Mpaka Mgeni Apite

Mama yangu alikuwa fundi cherehani wa barazani, mbele ya duka la vyuma katika mtaa mkuu wa Musoma, na kwa miaka kadhaa tulikula kwa sababu ya shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa katikati ya lami, karibu kabisa na pale alipoketi. Mvua ikinyesha lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mvua ikikatika lilibaki na tope kwa siku nyingi. Mtu akitoka stendi kwenda sokoni hakuwa na njia nyingine. Ilimbidi apande baraza, apite mbele ya cherehani ya mama, kisha ashuke upande wa pili. Na mtu akipita mbele ya fundi hukumbuka. Hukumbuka zipu iliyokufa, kifungo kilichopotea, sare ya mtoto iliyofumuka kwapani. Nilipokuwa chuoni, nikisoma mambo ya mipango na maendeleo, nilikuwa nikilala kitandani bwenini na kujiuliza kama napaswa kutaka shimo lile lizibwe. Kama raia, nilitaka lizibwe. Kama mtoto wa mama yangu, niliomba masika yawe marefu. Likizo moja nilimweleza, na alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye pedali.

"Wenzako wanakosaga usingizi kwa wasichana," alisema. "Wewe kwa shimo."

Hiyo "wanakosaga" ndiyo lugha yetu ya Mara. Kila jambo ambalo ni kawaida ya mtu tunalitia -ga mwishoni, naye aliyetoka kwetu hutambulika kwa hiyo popote anapofungua mdomo. Chuoni walinicheka sana kwa ajili yake, hadi nikajifunza kuinyofoa kila neno kabla sijalitoa. Nilirudi nyumbani nikiongea polepole kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki. Nalitaja mapema kwa sababu -ga itarudi, na itarudi kinywani mwa mtu mwingine.

Mama alianza kushona wakati wa dhiki, nilipokuwa shule ya msingi. Madukani hakukuwa na nguo, na kwa sababu hiyo alikuwa na kazi tele. Aligeuza kola za mashati, upande uliochakaa ukaenda chini na ule mzima ukaja juu. Alitoa gauni la mtoto kwenye pazia, kaptura kwenye mfuko wa unga. Watu walimletea shuka la ndoa alitengeneze kuwa shati la kwenda kanisani, na Jumapili niliweza kutambua kwa maua yake shuka la nani limekaa benchi la mbele. Kisha mambo yakafunguliwa. Ikawa ruksa kuuza, ruksa kuleta, ruksa kila kitu, na malori ya mitumba yakaingia mjini kutoka upande wa Sirari. Mafundi wengi walikunja cherehani zao wakati ule. Nani ageuze kola wakati shati zima linauzwa chini, juu ya turubai?

Kilichomwokoa mama ni kwamba mitumba ilishonwa kwa ajili ya watu wenye miguu mirefu kuliko yetu. Suruali ilinunuliwa ng'ambo ya barabara, mnunuzi akapanda baraza kukwepa shimo, na hapo hapo mama akaikata pindo mwenye nayo akiwa amesimama na kaptura ya ndani, amejifunga kanga ya mama kiunoni na kujifanya anasoma matangazo ya ukutani. Kazi hiyo haikuweza kufanyika mahali pengine popote. Hakuna mtu ambaye angebeba suruali mpaka Bweri, tulikokuwa tukiishi, kwa ajili ya pindo. Angeikunja mwenyewe na kuondoka. Ndiyo maana ninaposema mama alikuwa na sehemu barazani, ieleweke kwamba sehemu ile, isiyozidi ukubwa wa mkeka, ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Cherehani ilikuwa chombo tu.

Nilimaliza chuo wakati serikali ilikuwa imekwisha kuacha kutupangia kazi. Waliotutangulia walipewa barua ya kwenda mahali fulani, hata kama mahali penyewe palikuwa mwisho wa dunia. Sisi tulipewa shahada na mkono wa kwaheri. Nikarudi Musoma, nikawa naketi kwenye kigoda karibu na mama, asubuhi mpaka jioni, nikiwa na kitabu ambacho sikukigeuza kurasa. Mafundi waliokaa naye barazani waliniita msomi. Hawakuwa wengi; wa karibu zaidi alikuwa mzee mmoja aliyeshona suruali tupu, mcheshi, ambaye mama alimwita kaka. "Msomi," angesema, "hebu tupangie maendeleo, tuko tayari." Nami ningecheka, halafu ningetumia jioni nzima nikiwaza kama ilikuwa utani au kama alikuwa ananiuliza kweli.

Kutoka kigodani niliutazama mji. Mji wetu umekaa kwenye ncha ya nchi iliyoingia ziwani, maji kushoto na maji kulia, na bado mabomba yalikauka wiki baada ya wiki, wanawake wakapita na ndoo vichwani. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimenyamaza. Nguzo za taa zilisimama bila taa. Sangara wazima walipanda magari ya barafu kwenda nje, na sokoni kwetu palibaki mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa, na foleni ya mapanki ilikuwa ndefu. Nilikuwa na mawazo kuhusu kila kimoja cha vitu hivyo. Niliyapanga kichwani kwa vichwa vidogo vya habari kama tulivyofundishwa. Sikumjua mtu hata mmoja wa kumwambia.

Halafu gari lenye kipaza sauti likapita likitangaza kwamba mji utapokea mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam, na wananchi wote wanaombwa kudumisha usafi.

Siku iliyofuata bwana afya alikuja barazani kwa miguu. Ndiye aliyesimamia usafi wa mji, mtu mpole, mwenye viatu vilivyong'aa, na alionekana kuwa na aibu ya kazi aliyotumwa. Alisalimia kila fundi. Aliuliza habari za watoto. Kisha akasema kwamba wakubwa wa mji wamekaa na kuona kuwa mabaraza ya mtaa mkuu yawe wazi, mji upendeze, na kwamba hawafukuzi mtu, wanaomba tu ushirikiano. Fundi wa suruali akamuuliza ni kwa muda gani. Bwana afya akatazama dari ya baraza. Ilionekana wazi kwamba hilo hakuambiwa, na kwamba hakuwa ametegemea kuulizwa.

Hapo mama akamsaidia. Yeye ni mtu wa Murangi, kijiji cha pwani ya ziwa. Kwao, mgeni akitarajiwa, hata dagaa walioanikwa uwanjani huzolewa na kuwekwa kando ili asiwakanyage, na hakuna anayeuliza watakaa kando kwa muda gani. Akishapita, wanaanikwa tena. Kwa mama lile halikuwa jambo la serikali. Lilikuwa jambo la adabu, na mbele yake alikuwa amesimama kijana wa watu anayetoka jasho.

"Mpaka mgeni apite," mama alisema. "Si ndiyo, baba?"

Uso wa bwana afya ulifunguka. "Ndiyo hivyo hivyo, mama. Mpaka mgeni apite."

Mafundi wote waliridhika. Fundi wa suruali alisema ingekuwa vizuri mgeni aje na suruali ndefu. Hata mimi, ambaye huchambua salamu, niliyaona yale maneno yamekaa vizuri, mafupi na yenye heshima. Jioni ile mama alifungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwenye kanga, akakibeba kichwani mpaka Bweri, nami nikafuata nikisukuma miguu ya chuma kwenye toroli la kuazima.

Maandalizi ya mgeni yaliufurahisha mji kuliko nilivyoona kwa muda mrefu. Mawe ya kandokando ya barabara yalipakwa chokaa. Yalikuwa yamepakwa mara nyingi sana kwa wageni wengi waliotangulia, na tabaka zilikuwa zimeyafanya kuwa manono. Vigogo vya miti vilipakwa hadi kiunoni. Shimo letu lilijazwa kifusi na kushindiliwa. Majengo ya mtaa mkuu yalipakwa pia, lakini upande mmoja tu, ule unaoonekana na mtu anayeingia akitoka Bunda. Jambo hili lilinitesa. Nilimweleza mama, kisha fundi wa suruali, kisha mtu aliyekuwa akipaka, kwamba Musoma ni mwisho wa njia. Barabara inaingia na kuishia ziwani, kwa hiyo mgeni akishaingia lazima atoke kwa njia ile ile, na akitoka ataona upande wa pili wa kila jengo, wenye kutu na ukungu. Mpakaji alinisikiliza mpaka mwisho, brashi ikidondosha chokaa.

"Akitoka," alinijibu, "atakuwa ameshiba."

Siku ya mgeni tulisimama kandokando ya barabara tangu asubuhi. Wanafunzi walipewa matawi ya kupunga. Kwaya ilikuwepo, ngoma zilikuwepo, wakubwa wa mji walivaa suti za kaunda na kusimama kwenye kivuli cha mti wenye kiuno cheupe. Mama alikuja na gauni la kanisani. Nilitaka kumwuliza kwa nini amejipamba kwa ajili ya mtu aliyemtoa barazani, lakini nikaona kwamba kwake hakuna aliyemtoa. Yeye ndiye aliyempisha mgeni, na sasa alikuwa na haki ya kumwona. Jua lilipanda, likakaa utosini, likaanza kuteremka. Matawi yalinyauka. Mwalimu aliwaruhusu watoto waketi, kisha akawaruhusu walale.

Alasiri basi kutoka Bunda likapita, na kondakta aliyekuwa amening'inia mlangoni akatushangaa.

"Mnamngoja nani nyie?" alipaza sauti. "Mgeni wenu amekata kona ya Butiama. Mpaka sasa kashamaliza ugali huko."

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Abiria wote walikuwa wameliona vumbi la msafara: magari yalifika njia panda, yakaelekea Butiama kusalimia, na baadaye tukasikia kwamba yalirudi moja kwa moja Mwanza kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Wakubwa wa mji walibaki chini ya mti kwa muda wakiongea kwa sauti ya chini. Kisha gari lenye kipaza sauti likapita likitushukuru kwa kujitokeza kwa wingi.

Njiani kurudi Bweri nilikuwa karibu na furaha. Nilimwambia mama kesho tunabeba cherehani.

"Lakini hakupita," alisema.

Nilimwambia hiyo ni njia tu ya kusema, kwamba kila mtu alielewa maana yake. Alitikisa kichwa, hakubishana. Fundi wa suruali alirudi barazani asubuhi yake bila kuuliza mtu, na kabla ya saa sita mgambo walikuja, wakang'oa kichwa cha cherehani yake, wakakipeleka ofisi ya mji. Tulipokwenda kumpa pole alisema alikiona kimekaa chini ya meza pamoja na vichwa vingine, vimeelekezwa ukutani kama watoto waliokosea. Alipokipata, baada ya kuzungushwa sana, hakurudi mtaani. Alihamia Bunda kwa mdogo wake. Ndipo nikaamua kwenda kuuliza mimi, maana niliamini kwamba kuna kosa limefanyika, na kosa likielezwa kwa mpangilio mzuri hurekebishwa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Nilivaa shati la mahafali ambalo mama alilishona. Nilijizoeza salamu. Nilifikiria nimwite bwana afya mheshimiwa, nikaona ni kumkejeli. Nimwite kaka, nikaona ni kumzoea. Mwishowe nilipoingia ofisini kwake nilisema shikamoo tu na kusahau yaliyofuata. Alinikaribisha kiti. Alikumbuka mama yangu, akamsifu kwa uelewa wake. Nikaeleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Tulikubalianaje na mama siku ile?"

"Mpaka mgeni apite."

"Amepita?"

Nilisema hakupita, lakini siku yake imepita. Alisema siku si mgeni. Nilisema ziara imekwisha. Alisema hapana, ziara imeahirishwa, haijafutwa, na kama ingefutwa yeye angeletewa taarifa. Hakuwa ananidhihaki. Ningependa angekuwa ananidhihaki. Alivuta kiti karibu, akashusha sauti kama mtu anayenifanyia hisani.

"Msomi, nikueleze ukweli. Mimi niliambiwa kuwaondoa. Sijaambiwa kuwarudisha. Nikiwarudisha kwa akili yangu, halafu mgeni atokee kesho, nani atakayeulizwa? Mwambie mama avumilie. Atapita tu. Wageni wanapitaga."

Nilitembea mpaka Bweri na neno lile. Wanapitaga. Angesema "atapita kesho" ningengoja kesho. Angesema "hatapita" tungekwenda kutafuta riziki kwingine. Lakini -ga yetu haina tarehe. Inasema jambo ni la kawaida, limekuwa likitokea, litakuwa likitokea, kama mvua na mazishi, na huwezi kumshika mtu kwa jambo la kawaida. Nilikumbuka wale walionicheka chuoni na kwa mara ya kwanza nikadhani walikuwa na sababu. Hapo hapo nikajilaumu kwa kuisaliti lugha ya mama. Hayo mawili yaligombana kichwani mwangu njia nzima, na nilipofika nyumbani sikuwa na la kumwambia ila kwamba tunatakiwa kuvumilia.

Nilijaribu ngazi ya juu. Mwenyekiti wa mji alinipokea akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi, akaniambia kwamba kijana mwenye shahada ni hazina, na kwamba mji unahitaji vijana wanaojitolea mawazo. Kuhusu mabaraza, alisema, hilo ni la wataalamu, niende kwa bwana afya. Nikamwambia nimetoka huko. "Vizuri sana," alisema, akanishika bega, akatoka. Nilibaki ofisini na karani wake, tukatazamana. Karani aliniuliza kama kuna kingine.

Masika yalipoingia kifusi kilichotiwa kwenye lami kilisombwa, na shimo likarudi mahali pake, pana kuliko awali. Shimo lilirudi kabla ya mama. Watu wakaanza tena kupanda baraza. Siku nilizopita mjini kuangalia kama posta kuna majibu ya barua zangu za kuomba kazi, niliwaona wakipanda upande huu, wakipita kwenye sakafu tupu, wakishuka upande ule, wengine wakiwa na suruali za mitumba mkononi, wakizipima kwa macho na kuangalia huku na huku. Pale alipokuwa akiketi mama sakafu ilikuwa laini na nyeusi kwa mafuta ya mashine. Niliwahi kusimama hapo nikiwa nimewapa watu mgongo. Nilihisi ni ujinga, nikaondoka.

Bweri wakati huo ilikuwa nyumba mpya chache zenye mabati yanayometa, katikati ya mashamba ya mihogo. Wateja wa mama walikuwa majirani. Jirani haji kukata pindo. Anakuja kukaa, anakunywa chai, anasimulia habari za kanisani, na akikumbuka anatoa kitambaa kwapani na kusema hakina haraka. Mama alizeeka kwa kukosa haraka. Mtaani mikono yake ilikuwa ya kasi kiasi cha kutisha; nyumbani aliweza kushona mstari mmoja, akasimama, akatazama barabara. Kila jioni nikirudi mjini aliniuliza swali moja.

"Mgeni amepita?"

Mwanzoni tulicheka wote wawili. Baadaye nilicheka peke yangu, ili lisionekane swali. Baadaye hakuna aliyecheka, ila aliendelea kuuliza, nami niliendelea kujibu bado, na tuliongea hivyo kama watu wanaoulizana kama ziwa limetulia.

Niliwaza njia nyingi za kumsaidia. Nilifikiria kukusanya mafundi waende kwa pamoja, lakini waliobaki walikuwa wametawanyika, mmoja Mugeta analima, mwingine ameuza cherehani. Nilifikiria kwenda Mwanza kwa wakubwa wa juu zaidi, nikajiuliza nitawaambia nini: kwamba mgeni hakupita? Nilifikiria kumwambia mama akubali tu kwamba ile sehemu imekwenda. Hilo ndilo nililoliwaza zaidi, na ndilo ambalo sikuthubutu kulisema, kwa sababu hakuna aliyemwambia imekwenda. Angeambiwa, angelia, angemaliza. Lakini yeye alikuwa amepisha tu. Aliyepisha hana cha kulilia.

Asubuhi moja, nikiwa nje ya posta, magari meusi yaliingia mjini kutoka upande wa Bunda, yamewasha taa mchana. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na matawi. Yalikwenda kasi. La kwanza liliingia ndani ya shimo letu kwa kishindo, maji yakaruka mpaka barazani, la pili likakwepa, yakaendelea kuelekea ziwani. Mtu aliyekuwa karibu nami, aliyejua mambo, alisema ni mkubwa kweli, yuko safarini kwenda Tarime, ameingia tu kula samaki. Na kweli, baada ya chakula cha mchana yalipita tena, yakitoka, mbele ya upande wa majengo usiopakwa chokaa, na hayakupunguza mwendo.

Nilifurahi kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Amepita. Ameingia na ametoka, mara mbili, mbele ya watu. Jirani yetu mmoja alikuwa akipanda baiskeli yake kwenda Bweri, nikamkimbilia, nikamwomba amwambie mama maneno mawili tu: mgeni amepita. Kisha nikaenda ofisi ya mji, safari hii bila kujizoeza chochote.

Bwana afya alikuwa mezani. Alikuwa amepungua, viatu havikung'aa tena. Nadhani na yeye mshahara ulikuwa haufiki kwa wakati. Nilimwambia. Alinisikiliza, akauliza rangi ya magari, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Huyo hakuwa mgeni wa mji," alisema. "Hatukutaarifiwa. Kama hatukumpokea, amepitaje?"

"Amepita barabarani. Nimemwona."

"Barabarani hata ng'ombe wanapitaga, mdogo wangu."

Hakucheka, wala mimi. Nilitaka kusema kitu kuhusu maana ya neno kupita. Nilikuwa nacho, kilikuwa kirefu na kilikuwa sahihi. Nikamtazama akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari, nikaona kwamba hata nikimshinda hapa mezani hana kitu cha kunipa. Hakuwa na mabaraza. Alikuwa na agizo lisilo na mwisho, kama sisi tulivyokuwa nalo, ila yeye alikuwa amelikalia upande wa pili. Nikamwambia asante. Akaniambia nimsalimie mama.

Bweri ni mbali ukiwa huna haraka ya kufika. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la mtaani, lile la bluu lenye mfuko wa kuwekea sindano na chaki, ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ile ya toroli. Kichwa cha cherehani kilikuwa sakafuni karibu na kizingiti, kimefutwa, kimetiwa mafuta, kimefungwa ndani ya kanga kwa fundo kubwa. Juu yake aliweka kata ya kubebea kichwani, aliyoisokota upya. Hata kigoda changu alikuwa amekifuta vumbi.

Hakuniuliza. Alinitazama usoni, nami sikuwahi kuwa hodari wa kuficha uso.

"Kwani hakuwa yeye?" alisema baadaye.

"Wanasema hawakumpokea."

Alilifikiria hilo. "Alikanyaga shimo?"

"Alikanyaga."

"Maji yakaruka barazani?"

"Mpaka ukutani, mama."

"Sasa pale patakuwa na tope," alisema, na akaingia ndani kuwasha moto.

Kile kifurushi hakukifungua. Siku iliyofuata jirani alikuja na sketi ya shule ya binti yake, mama akamwambia mashine iko safarini. Jirani alikiangalia kifurushi, akaniangalia mimi, akaondoka na sketi yake. Wiki zilizofuata wengine waliambiwa hivyo hivyo, kwa adabu, kwa sauti ya kawaida. Kilikaa pale mlangoni, na tukiingia au kutoka tulikiruka, mimi kwa hatua ndefu, yeye akiinua kidogo pindo la gauni. Mara nyingi nilichuchumaa karibu nacho alipokuwa shambani, nikakishika. Lakini fundo lilikuwa lile la kubebea, linalofungwa na mtu anayeondoka sasa hivi, na kila nilipoligusa niliona kwamba kulifungua ni kumjibu swali ambalo alikuwa ameacha kuniuliza.